Mashati Ambayo Hayakuwa Yangu

Zena alinipigia simu siku chache baada ya kumzika mama yake. Hatukuwa tumewahi kuonana. Mwaka niliokaa nyumbani kwao Buyenzi, mjini Bujumbura, yeye alikuwa ameolewa Rumonge, na barabara ya Rumonge wakati ule haikuwa ya kupita kwa ajili ya kusalimiana. Akaniambia mama yake alinitaja sana katika ugonjwa, tena kwa jina la Kigoma, kwa hiyo ilimchukua muda kujua kwamba Kigoma ni mtu. Kisha akauliza kwa sauti ya mtu anayeogopa jibu: "Mzee wangu, unisamehe. We ulikuwa nani pale kwetu?" Nikamwambia nilikuwa mpangaji. "Na ulikuwa unafanya kazi gani?" Nikafikiri kidogo. Niliwahi kusimamia chumvi ya tajiri, niliwahi kuuza vipuri vya magari kwenye kibanda cha mtu, lakini nikiutazama mwaka ule kwa mbali sizioni hizo kazi. "Nilikuwa nafua nguo," nikasema. Akacheka, halafu akalia, nami nikashikilia simu sikioni mpaka alipomaliza. Tangu siku hiyo ule ua wao umenirudia, na kwa kuwa Zena ameniomba nimweleze, naandika nilivyoukumbuka.

Nilikwenda Bujumbura kwa wiki mbili. Tajiri wangu, mfanyabiashara wa chumvi pale Kigoma, alinituma nikapokee shehena yake bandarini, niisimamie mpaka iuzwe, nirudi na meli ileile. "Usijaze mabegi," aliniambia. "Unakwenda kulinda mzigo, usiwe mzigo." Kwa hiyo nilivuka ziwa na mfuko mmoja wa begani, ndani yake mashati mawili, kikoi, mswaki na kipande cha sabuni. Suruali ilikuwa moja, ile niliyoivaa. Chumvi iliuzwa vizuri, lakini kabla sijaondoka nchi za jirani ziliiwekea Burundi vikwazo, meli zikasimama, na wiki zangu mbili zikawa karibu mwaka mzima. Watu wengi wamenisimulia miaka yao ya vita na nimewasikiliza kwa heshima, kwa sababu mwaka wangu, nikiukumbuka, hauji na moshi. Unakuja na harufu ya sabuni ya mawese, na ule mwanga mweupe wa saa nane mchana, na shuka zinazopumua kwenye kamba. Najua kule vilimani watu walikuwa wakifa. Tulisikia. Siku moja tukila, mlio mzito ulitoka upande wa Kamenge, na mama mwenye nyumba akalishikilia tonge lake hewani mpaka mlio ulipokoma, kisha akala. Lakini kumbukumbu haikuniuliza ichukue nini. Ilichukua ua.

Nyumba ilikuwa kwenye barabara ya nyuma, kati ya gereji zilizogonga mabati kutwa na msikiti mdogo wenye ukuta wa kijani. Buyenzi ni mtaa wa Waislamu wa zamani wa Bujumbura, mafundi na wachuuzi, na wakati mitaa mingine ilipojichuja, kabila hili huku na lile kule, wao walibaki wamechanganyika kama walivyokuwa. Mwenye nyumba alikuwa mjane, mwanamke mpana na mtaratibu aliyechoma maandazi asubuhi na kuyauza barazani. Wote walimwita Mama Zena. Nilipokwenda kuuliza chumba, hakuniuliza nitalipaje wala nitakaa mpaka lini. Alinitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni kama fundi cherehani, akauliza, "Mabegi yako iko wapi?" Nikamwonyesha mfuko. Akaonekana kusikitika. "Ni hiyo tu? Mutu muzima na mufuko moja?" Nikamjibu kwamba sikuja kukaa. Akakitazama kile kimfuko tena, kwa muda mrefu kuliko kilivyostahili, halafu akapumua. "Haizuru," akasema. "Tutakupa chumba cha uani."

Chumba kilikuwa na kitanda cha mbao, msumari ukutani na dirisha la nondo lililotazama uani. Ua ndio uliokuwa nyumba hasa. Kulikuwa na bomba lililotoa maji lilipopenda, jiwe pana la kufulia lililolainika kwa miaka, jiko la mkaa chini ya bati, na kamba mbili zilizovuka kutoka ukuta mpaka ukuta. Nilifua kila Alhamisi baada ya adhuhuri ili Ijumaa niende msikitini nikiwa safi. Kwa kuwa suruali ilikuwa moja, nikishaianika nilikuwa nimefungwa: nilikaa chumbani na kikoi, mlango umerudishwa, nikisubiri ikauke. Sikuwa na la kufanya ila kulala chali na kuangalia vivuli vya nguo vikitembea darini. Sidhani kama nimewahi tena kupumzika namna ile. Sauti za ua ziliingia bila sura: maji yakimiminwa, mwiko ukigonga sufuria, jogoo wa jirani asiyejua saa, na wimbo wa kanisani ambao Espérance aliuimba nusu na kuuacha, kila mara mahali palepale.

Espérance alikuwa mkimbizi kutoka Uvira, ng'ambo ya ziwa upande wa Kongo. Alivuka na kitenge alichokivaa na ndoo ya plastiki, akamwomba Mama Zena mahali pa kulala na ruhusa ya kufua pale uani nguo za wanawake na watoto wa mtaa, hiyo ndiyo ikawa kazi yake. Alinizidi umri kidogo, na aliponiona siku ya kwanza nikilifikicha shati langu alisimama, mikono kiunoni. "We, Kigoma, unafula ao unapigana?" Nikasema nafua. "Apana. Ile shati itakufa. Leta hapa." Akanionyesha kola kwanza, kwa sabuni kavu, kidole gumba kikienda polepole, halafu makwapa, halafu pindo za mikono, na mwili wa shati mwisho kwa sababu, alisema, mwili hauna makosa mengi. Akaniambia nikamue bila kusokota na nianike kichwa chini ili kamba isiache alama mabegani. Alikuwa na ulimi mkali na mikono ya upole, na nilimwogopa kidogo kwa miezi yote.

Ilikuwa kwenye kamba nilipoanza kuona jambo. Nyumba ile ilikuwa na wanawake wawili na mimi, nami nilikuwa na mashati mawili. Lakini kwenye kamba ya ndani, ile iliyofichwa na shuka, palikuwa na mashati mengine ya kiume, ya mikono mirefu, yenye mistari myembamba ya samawati, na suruali ya kijivu ndefu kuliko mtu yeyote niliyemjua mtaani. Nikamwuliza Mama Zena. "Ni za marehemu mume wangu," akasema bila kugeuka. "Nazipiga maji zisikuliwe na mende." Nikaona ni jambo la heshima, nikanyamaza. Alhamisi nyingine Espérance alikuwa ametoka, karai lake limeachwa na nguo zimelowekwa, na nilipopita nikaona kola ya shati la mistari imeelea juu ya maji. Ilikuwa na mstari wa jasho, mbichi, wa kahawia, sawasawa na wa kola yangu mwenyewe. Mume wa Mama Zena alikuwa amezikwa kabla ya vita.

Nilirudi chumbani na kikoi changu. Sikukusudia kusikiliza, ila dirisha lilikuwa pale pale siku zote. Espérance aliporudi, Mama Zena alisogeza kibao karibu naye, na sauti zao zikaingia pamoja na harufu ya povu.

"Kigoma ameona," alisema Mama Zena.

"Ameona nini?"

"Mi namujua mutu akiona. Leo amenisalimia polepole sana."

Maji yakamiminwa. "Basi umwambie," Espérance akasema.

"Ni mutoto wa watu, Espe. Amekuja kuuza chumvi."

"Umwambie, Mama. Majirani wanahesabu manguo. Yule wa duka ameniuliza, munafuga wanaume ngapi mule ndani? Mi nimemwambia ni moja, lakini anapenda usafi."

Wakacheka wote wawili, kicheko kidogo, cha kuzibia mdomo kwa kanga. Mimi nami nilijikuta natabasamu peke yangu kabla sijaelewa kwamba huyo mwanaume mmoja anayependa usafi nilikuwa mimi.

Aliniambia jioni ile tukila. Chakula kilikuwa ugali wa muhogo, sombe, yaani kisamvu, iliyoungwa kwa mawese, na ndagala, wale samaki wadogo ambao sisi Kigoma tunawaita dagaa. Alikula kwanza, akanawa, ndipo akasema. Mwenye mashati yale aliitwa Libère. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Cibitoke, mtaa wa kaskazini, na ndiye aliyemfundisha Zena kusoma. Siku mtaa wao ulipovamiwa mke na watoto walikuwa wametangulia na ndugu, wakaenda na wimbi la watu mpaka ikasemekana wameingia Tanzania. Yeye alibaki nyuma akifunga nyumba, njia ikakatika, akakimbilia kwa mtu aliyejua hatamwuliza kitu. Alifika na sanduku la nguo. Tangu kabla sijapanga mimi alikuwa kwenye stoo ya uani, nyuma ya magunia ya mkaa, na kuna watu waliokuwa bado wanamtafuta. Nilifungua mdomo kuuliza ni kabila gani. Mama Zena akanisogezea bakuli la mboga. "Kula," akasema. Nililijua baadaye, mtu hawezi kukaa muda wote ule asilijue, lakini yeye hakulitaja mezani kwake na mimi silitaji hapa.

"Ndiyo maana ulisikitika ulipoona mfuko wangu," nikasema.

"Nilitaka mupangaji mwenye manguo mengi," akakiri, na kwa mara ya kwanza nikamwona ana aibu. "Angekuwa na mengi, za Mwalimu zingepotea katikati. Mungu akaniletea mashati mawili." Aliniomba basi nizifue zile nguo mimi mwenyewe, mchana, lango likiwa wazi, kila apitaye azione mikononi mwangu. "Kama unaogopa, sema tu. Chumba utabaki nacho." Niliogopa. Nikasema sawa. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilisema sawa, na sipati sababu kubwa: nilikuwa nimeshiba, Espérance alikuwa ananitazama, na ilionekana ni kufua tu.

Hivyo ndivyo nilivyopata nguo za kutosha nikiwa safarini. Sasa nilifua karibu kila siku, na mafundi wa gereji wakanitania mpaka wakachoka, wakaniita Madamu, na baada ya hapo hakuna aliyeshangaa tena kuona kamba yetu imejaa. Libère mwenyewe nilimwona kwa mara ya kwanza jioni moja, baada ya magharibi, lango likishafungwa kwa sababu ya amri ya kutotoka nje. Alikuwa mrefu mno, mwembamba, na aliinama hata mahali ambapo dari ilimruhusu kusimama. Akanipa mikono yote miwili. "Wewe ndiye unanifulia," alisema kwa Kiswahili chake cha shuleni. "Naona haya." Nikamwambia asione haya, Espérance ndiye aliyenifundisha. Tulipiga pasi chumbani kwa Mama Zena, pasi ya mkaa, mimi nikinyunyiza maji kwa vidole na yeye akikunja mashati kwa utaratibu wa mtu aliyezoea kupanga madaftari. Mvuke ulipanda kati yetu, taa ikapata ukungu, na kwa nusu saa hapakuwa na vita wala ziwa wala mpaka, palikuwa na joto la kitambaa na sauti ya mkaa ukikaa vizuri ndani ya chuma.

Kabla ya kulivaa shati alilileta usoni na kuvuta pumzi ndefu. Mwanzoni niligeuza macho. Kisha siku moja akasema, "Hii ilikaa juani mpaka saa tisa. Ile nyingine umeianua mapema. Kulikuwa na mawingu?" Ilikuwa kweli. Mtu yule hakuwa ameliona jua kwa muda ambao sikupenda kuuhesabu, na alikuwa amejifunza kulipata kwenye nguo. Alijua siku upepo ulipotoka ziwani. Alijua siku jirani alipochoma samaki. Tangu hapo nilianika mashati yake kwa makini nisiyoyapa yangu, niliyahamisha kando ya ukuta kulifuata jua, nikayageuza kama mtu anayegeuza mkate. Siku nyingine aliniuliza ziwa lilikuwa na rangi gani, nami sikuwa nimelitazama. Kesho yake nikatembea mpaka ufukweni kwa ajili hiyo tu, nikarudi na jibu: kijivu hapa karibu, na kijani kule mbali, chini ya milima ya Kongo. Alifumba macho. "Ndiyo," akasema, "wakati huu wa mwaka linakuwa hivyo." Wanangu wameninunulia mashine ya kufulia. Ni nzuri, siisemi vibaya, na viganja vyangu vinaishukuru. Lakini nguo zinazotoka mle hazina harufu ya siku yoyote, na mara moja moja, nikiwa peke yangu nyumbani, nazitoa zikiwa bado na maji na kuzianika nje.

Walikuja Alhamisi, mchana, muda mfupi baada ya mimi kuanika. Sikusikia kubisha. Nilisikia viatu uani, vingi, kisha sauti ya kiume ikasema neno kwa Kirundi na kulirudia kwa Kiswahili: "Tumeambiwa hapa kuna mwanaume hajulikani. Iko wapi?" Mama Zena hakuharakisha. "Mwanaume iko moja," akasema, "ni mupangaji. Kigoma, toka." Nikatoka kifua wazi, kikoi nimekishika kwa mkono. Wanajeshi walikuwa wamesimama kati ya nguo. Mkubwa wao, mtu mfupi mwenye macho ya kukosa usingizi, alikuwa anapita kando ya kamba akigusa nguo moja moja kwa nyuma ya vidole, taratibu, kama mnunuzi.

"Hizi ni za nani?"

"Zangu."

"Yote?"

"Zote, mkubwa."

Alikuwa amefika kwenye suruali ya kijivu. Akaishika kiunoni, akaiacha ining'inie, akaitazama, akanitazama. Kisha akanitupia. "Vaa."

Ilikuwa inachuruzika. Niliivaa chini ya kikoi, na kitambaa cha baridi kikanishika mapaja. Nilipofunga kifungo na kukiachia kikoi, miguu ya suruali ilifunika nyayo zangu na kubaki imekunjamana juu ya saruji, pande zote mbili. Nilisikia maji yakitoka kwenye pindo na kutambaa. Stoo ilikuwa nyuma yangu, mlango wake wa mbao umeegeshwa tu, na nikafikiri kwamba huko ndani Libère anasikia maji haya haya. Mkubwa alivuta pumzi kutaka kusema.

Hapo Espérance akaitupa nguo aliyokuwa anaifua, maji ya karai yakamrukia mwanajeshi mmoja. "Mumuone sasa," akasema. "Mutu mufupi na pantalo ya twiga. Ameinunua mu mitumba bila kupima, kwa sababu ilikuwa bei chini. Namwambia peleka kwa fundi akate, apana, anasema iko mode. Anaikokota mu matope ya Buyenzi yote, kisha anakaa kwenye bomba siku muzima anafula, mi sipati maji ya kazi. Papa, mumuchukue. Mumuchukue kabisa, wallahi, nipate maji." Alikuwa Mkristo wa kuimba kila Jumapili, na lile wallahi sijui lilimtoka wapi. Mkubwa alimtazama, akaitazama suruali, na kitu kikalegea mdomoni mwake. Akaomba cheti changu cha kusafiria. Nikaenda kukileta nikiwa nimeinua suruali kwa mikono miwili kama mwanamke anayevuka mto, na nyuma yangu nikasikia mmoja wao anacheka. "Wewe ni wa Tanzania kweli? Sema kitu cha kwenu." Nikasema, "Nami sijui niseme nini, mkubwa, naomba uniongoze." Wakacheka wote sasa. "Anaongea kama radio," mmoja akasema. Mkubwa alinirudishia cheti. "Kata hiyo pantalo," akaniambia, na wakatoka. Walikuwa wameambiwa kwamba nyumba ile ina mwanaume asiyejulikana, na mwanaume wakampata. Mlango wa stoo hawakuugusa.

Mama Zena aliketi juu ya jiwe la kufulia, lote maji, na hakujali. Espérance aliendelea kufua, machozi yakimdondokea ndani ya karai, hayapanguswi. Mimi nilishindwa kufungua kifungo, mpaka Mama Zena akaja kunifungulia kama mtoto, akigeuza uso pembeni kwa heshima. Suruali ikapelekwa kwa fundi siku iliyofuata na kukatwa, kwa sababu mkubwa alikuwa ameagiza na angeweza kurudi. Tangu hapo Mwalimu alivaa suruali iliyoishia juu ya vifundo. "Haidhuru," alisema, "hakuna anayeniona." Lakini jioni ile yenyewe hatukupiga pasi. Alikaa kwenye kitanda changu, magoti juu, na kunisimulia habari za mke wake, ambaye mpaka siku hiyo hakuwa amemtaja kwa jina. Générose. Alisema alimwoa kwa sababu alicheka katikati ya misa. Alisema asubuhi walipoachana walikuwa wamegombana kuhusu sufuria, ipi ibebwe na ipi iachwe, na tangu hapo anaifikiria ile sufuria kuliko anavyofikiria nyumba.

Meli ya chakula cha msaada iliporuhusiwa kuvuka, tajiri wangu alinipatia nafasi. Nilitakiwa kufurahi. Nilitembea siku mbili nikiwaza ile kamba, nani atakuwa mwenye nguo. Mama Zena alikwisha waza kabla yangu: kaka yake Espérance alikuwa amefika kutoka Uvira, angechukua chumba changu. "Na huyu iko murefu, alhamdulillahi," akasema. Libère hakunipa barua. Karatasi ingeweza kumwua yeyote atakayekutwa nayo, mimi au yeye. Alinipa majina ya mke wake na ya watoto, akanifanya niyarudie kama mwanafunzi mpaka akaridhika, akaniambia nimwambie tu kwamba yupo. Espérance aliniaga kwa kuniangalia kola. "Si mubaya," akasema. Na nitangulie kusema, Zena asikae na wasiwasi kama bado hajui, kwamba Mwalimu alitoka salama. Mwaka uliofuata alivuka mpaka Uvira kati ya Wakongo waliokuwa wanarudi kwao, na kutoka huko akafika Kigoma kwa mtumbwi wa wafanyabiashara. Vita vilipokwisha walirudi Cibitoke naye akafundisha mpaka akazeeka.

Lakini siku niliyompata Générose hayo yote yalikuwa bado. Nilimpata kwenye kambi ya wakimbizi upande wa Kasulu, baada ya kuuliza kwenye kambi nyingine bila mafanikio. Nilipanda nyuma ya lori la chumvi na kufika mwekundu kwa vumbi, nyusi na vyote. Watu wakanionyesha kibanda cha miti na turubai. Alikuwa anakoroga uji nje, mwanamke mfupi, kichwa kimefungwa leso. Nilitaja jina lake lote, kama nilivyofundishwa, na nikaona uso wake ukifunga. Katika kambi ile mgeni anayekuja na jina lako lote alikuwa na habari za aina moja. Mwiko ulibaki hewani. Nikasema kabla ya salamu, "Mama, Mwalimu yupo. Ni mzima."

Hakulia, wala hakunishukuru. Alikaa chini palepale alipokuwa amesimama, akaangalia moto. Nikaanza kueleza, nyumba, stoo, Mama Zena, lakini niliona hayamfikii. Baada ya muda akainua mkono ninyamaze.

"Anakula?"

"Anakula."

"Nani anamufulia?"

"Mimi," nikasema. "Mpaka juzi nilikuwa namfulia mimi."

Akanitazama sasa kwa mara ya kwanza, mikono yangu, kisha shati langu na vumbi lake. "Vua," akasema. Nikasema si lazima, nitafua nyumbani. "Vua," akarudia, tayari amesimama na anatafuta ndoo. Akanipa kitenge chake nijifunike mabega, akanikalisha mlangoni, akalifua shati mbele yangu bila haraka, kola kwanza. Alipokwisha kulianika juu ya kamba iliyofungwa kati ya miti miwili alikuja kukaa mbele yangu, na ndipo maswali yakaanza. Amekonda? Mvi je? Anakaa upande gani akila? Bado anakunja nguo kama karatasi? Watoto walikuja wakasimama nyuma yake mmoja mmoja, na aliwaambia kwa Kirundi nilichokuwa nimesema, kisha akageuka kwangu kutaka zaidi. Jua la kule ni kali. Shati lilikauka mapema, tuliliona sote wawili, jepesi, likitikisika peke yake. Hakwenda kulianua na mimi sikulitaja. Akaongeza maji kwenye sufuria, akapuliza moto, akauliza kama bado anakoroma. Nikajifunika kitenge vizuri, nikaanza kumweleza.